Kabla Hujaupeleka Mwili Wako Kwenye Kisu

Skola mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na baba yako hajarudi kutoka shambani Litapunga. Nyumba iko kimya. Nimefunga kibanda cha cherehani mapema ili nikuandikie jua likiwa bado lipo, maana ukirudi nitaanza kukuuliza umepakia nini na hujapakia nini, na hili ninalotaka kukwambia litanishinda tena.

Habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kuchagua marafiki sitaziandika. Una miaka ishirini na tatu. Umesomea upimaji wa ardhi, umelala porini kwenye hema wewe na wanaume sita na mitambo yenu, na ukarudi mzima huku unawacheka. Dodoma unakokwenda kuanza kazi haiwezi kunitisha. Ninaandika kwa sababu ya ile Jumanne.

Nilikuwa nakupima lile gauni la kijani la kwenda nalo kazini. Nilikuwa na pini mdomoni. Ukasema, bila kunitazama, "Mama, nikishatulia kazini nataka nikafanyiwe upasuaji. Wanipunguze matiti." Nikazitoa zile pini, nikageuka mlangoni nikatema mate. Nikasema, "Unanitia kichefuchefu."

Ulilivua gauni na pini zake. Moja ikakukwaruza ubavuni, nikaona mstari wa damu, nikashindwa hata kukupa pole. Ulisema, "Basi sawa, mama," na siku mbili nzima hukunisemesha.

Mate yale hayakuwa yako, mwanangu. Nilisikia harufu. Ukilitaja neno upasuaji wa urembo mbele yangu, mimi hunijia harufu, inapanda mpaka kooni, na nimeishi nayo miaka kumi na miwili bila kukwambia inatoka wapi. Leo nakwambia.

Utakumbuka niliugua ulipokuwa darasa la tano. Tulikwambia mama ana jipu. Kila mtu aliambiwa jipu, hata padri alipokuja na komunyo. Halikuwa jipu.

Miaka ile sherehe za sendoff zilikuwa zimepamba moto hapa Makanyagio. Kila Jumamosi kulikuwa na ukumbi, na kila ukumbi ulikuwa na kamati ya kina mama waliovaa sare, na sare nyingi nilizishona mimi. Walitaka magauni ya kubana, yanayoanza kuachia chini ya magoti. Siku nzima nilikuwa nazungusha tepu kwenye nyonga za wanawake. Naandika namba kwenye daftari, nafika nyumbani najipima mimi, naona namba yangu ilivyo ndogo. Siku moja mtu akaniletea picha za sherehe. Kwenye mojawapo nilipigwa kwa nyuma, nimesimama na wenzangu watano tuliovaa kitambaa kimoja. Watano walikuwa wanawake. Mimi nilikuwa ubao uliovalishwa gauni.

Hakuna aliyenicheka. Sitaki udhani baba yako alisema neno. Nilijicheka mwenyewe, peke yangu, nikiwa na picha mkononi.

Mteja mmoja akanitajia mwanamke anayezunguka mji hadi mji, amefikia gesti karibu na stendi, anachoma sindano za kuongeza shepu. Walimwita Dada Nesi. Nesi wa wapi, hakuna aliyeuliza. Mimi, Skola, ambaye nikinunua kitambaa humuuliza muuzaji mara tatu kama rangi inachuja, na bado nakata kipande nakifua kwanza, sikuuliza ile chupa ina nini.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, shuka la maua lenye doa la njano katikati. Dirisha limefungwa. Alikuwa anakula chipsi. Akafuta vidole kwenye kitambaa, akavaa glovu moja tu, ya mkono wa kulia, akanambia nilalie tumbo. Dawa aliitoa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi. Ilikuwa nzito, ilishuka polepole kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi. Sindano yake ilikuwa nene kuliko ya kushonea magunia. Alichoma upande huu mara nne, upande ule mara nne, na kila alipochomoa, dawa ilirudi nje ikateremka mapajani. Ili isitoke akaziba matundu kwa gundi, ile ya kubandikia soli za viatu, akaweka pamba juu yake. Nilisikia harufu ya gundi na ya chipsi kwa pamoja. Nikainuka, nikashukuru. Nilimshukuru, mwanangu! Nilisema, "Ahsante dada, Mungu akubariki."

Siku ya tatu nilirudi kama alivyoniagiza, nimevaa gauni la bluu lenye ndege wa njano nililolishona mahsusi. Nilikuwa nimevimba, na uvimbe ulikaa vizuri. Nilipojitazama kwenye kioo cha pale gesti niliona kile nilichokitaka. Dada Nesi akatoa simu yake. "Geuka kidogo," akasema, "weka mkono kiunoni, hivyo hivyo." Akanipiga kwa nyuma. Nilitabasamu ingawa uso hauonekani. Njiani vijana wa bodaboda walipiga honi, na ninaona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi. Nilitembea polepole ili wapate muda.

Siku ya tano nyama zikaanza kuwa ngumu. Zikawa za moto, nikiweka kiganja nasikia joto kama la pasi iliyotoka kuzimwa. Sikuweza kukaa. Nilishona nimesimama, nikiizungusha cherehani kwa mkono.

Ndipo akaja Esperansi. Humkumbuki vizuri, ulikuwa unamwita Mama Maharage. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa Mishamo, na alikuwa akileta maharage mjini anafikia kwetu. Alicheka kwa sauti mpaka majirani wakacheka bila kujua kuna nini. Alinipenda, na mimi nilimpenda. Aliponiona akashika mdomo.

"Mama Skola! Umefanya nini wewe?"

Nikamwambia.

"Inauma?"

Wakati huo nilikuwa nimeegemea meza kwa mikono miwili. Nikamjibu, "Kidogo tu. Kama kung'atwa na siafu. Siku mbili inaisha."

Ijumaa yake nikampeleka. Nilimshika mkono mpaka mlangoni mwa kile chumba.

Nimejiuliza sana kwa nini nilimdanganya. Jibu lenyewe linachukiza. Kama ningesema inauma, ningekuwa mjinga peke yangu. Nilitaka mwenzangu. Nilimsukuma rafiki yangu kwenye shimo nililokwisha kutumbukia, ili nisiwe humo peke yangu.

Wiki ya pili, asubuhi, nilisikia harufu pale kibandani. Nikadhani panya amefia chini ya cherehani. Nilihamisha mabelo ya vitambaa, nikafagia, nikamwaga maji yenye sabuni. Harufu ikanifuata kila nilipokwenda. Mteja mmoja mzee akanigusa begani akasema taratibu, "Mama, gauni lako limelowa huku nyuma." Nikapeleka mkono. Panya niliyekuwa namtafuta alikuwa mimi.

Baba yako aliazima pikapu, nikalazwa kifudifudi juu ya magunia matupu. Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, labda umri wako wa sasa. "Umechomwa nini?" akauliza. Nikasema jipu. Akaminya kidogo, akalielekeza beseni nilione. Juu ya usaha yalikuwa yanaelea mafuta, vijicho vijicho, kama juu ya mchuzi wa kuku wa kienyeji. "Mama," akasema, "jipu halitoi mafuta. Niambie ukweli, kila saa unayonificha unajiua." Nikasema huku baba yako amesimama pale pale. Ndivyo alivyojua.

Walinikata, wakasafisha. Wakarudia. Mara tano waliniingiza chumba cha upasuaji. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba hawawezi kuyatoa yote, maana yale mafuta hayakai mahali pamoja, yanajipenyeza. Mengine sasa yako pajani, yamekuwa mafundo. Mwezi wa sita baridi ikija yanauma. Ndiyo maana nakalia mto, na watu wakiuliza nawaambia ni mgongo.

Nikiwa bado wodini, siku moja baba yako alikuwa ananisaidia kugeuka. Akauliza, "Nani alikwambia una kasoro?"

"Hakuna."

"Mimi niliwahi kusema?"

"Hujasema."

Alinifunika vizuri. "Sasa ulikuwa unampendezesha nani?"

Baba yako hakuuliza tena mpaka leo. Miaka imepita ndipo nikaona kwamba nikiwa jikoni peke yangu napepeta mchele, sijawahi hata siku moja kukumbuka makalio yangu. Nilipokuwa binti kwetu Usevya, ndani ya maji ya jaruba napandikiza mpunga, sikuwahi kuyakumbuka. Yalinisumbua palipokuwa na kamera tu.

Dada Nesi alikwisha kuhama. Waliokwenda kumtafuta walikuta chumba kimepangishwa mtu mwingine, na hata jina lake halisi hakuna aliyelijua.

Esperansi yeye alichelewa. Kule Mishamo, mguu ulipoanza kuvimba, homa ikapanda mpaka akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mumewe alitaka kumleta mjini, yeye akakataa. Alisema, "Mama Skola ameniambia inauma siku mbili inaisha." Akangoja ile siku ya kuisha. Walipomfikisha, sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Alipona, lakini walikata nyama nyingi upande wa kushoto, na mguu ule tangu hapo anauburuta.

Sikwenda kumwona mwaka mzima. Nilituma salamu. Nilituma mchele. Halafu nikaona haya hata ya kutuma mchele, nikapanda gari nikaenda.

Nilimkuta uani amelala ubavu juu ya mkeka, anachagua maharage, kwa sababu kukaa hawezi. Wanawe walinisalimia wakaenda zao. Nilipiga magoti, nikaanza kulia, nikasema nisamehe, mimi ndiye niliyekupeleka.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Kwenda nilikwenda kwa miguu yangu. Nami nilitaka. Hilo silo linaloniuma." Akaendelea kuchagua maharage. "Nilikuuliza inauma? Ukaniambia siafu. Ungesema inauma sana, ningekwenda labda, lakini siku ile homa ilipopanda ningejua ni hatari. Nilikaa siku sita nakungoja wewe, Mama Skola. Nangoja maneno yako yatimie."

Nikamwambia nilikuwa naona aibu.

"Aibu yako imekula mguu wangu," akasema. Hakupandisha sauti. Kisha akamwita binti yake aniletee ugali, nikaula wote mbele yake. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza tena. Nikienda Mishamo tunachagua maharage pamoja. Kucheka kule hakupo.

Nimekaribia kumaliza habari zangu, vumilia. Ulipokuwa Tabora shuleni, aliingia kibandani msichana mmoja na kitambaa kizuri cha kitenge. Akasema, "Mama, nishonee gauni kama hili, na mwezi ujao nakwenda Mwanza kufanya na hiyo shepu yenyewe." Akanipa simu. Kulikuwa na gauni la bluu lenye ndege wa njano. Mkono kiunoni.

Ilikuwa imepita miaka mingi. Picha ile ilikuwa imezunguka simu hadi simu, na chini yake mtu ameandika: matokeo ya uhakika, bila maumivu. Nilimtazama yule mwanamke wa gauni la bluu. Siku ya tatu! Hata wiki haijafika! Yule mwanamke wa kwenye picha alikuwa hajaanza kuoza, basi.

"Huyu ni mimi," nikamwambia.

Msichana akacheka. "Mama, acha utani."

Nikafunga mlango wa kibanda, nikavuta pazia, nikapandisha gauni. Alitazama kwa muda mfupi tu. Akaegemea ukuta, akateremka mpaka chini akakaa. Nikashusha gauni. Alipoondoka alisahau kitambaa, na hakurudi kukichukua.

Kwa hiyo juzi Alhamisi, nilipopita mlangoni kwako nikasikia ule ujumbe wa sauti kwenye simu yako, nilisimama. Sikuja kusikiliza, nilikuwa nimebeba ndoo. Ilikuwa sauti ya msichana wa kliniki fulani ya urembo, tamu: "Mrembo wangu, ukipunguza juu, yale mafuta hatuyatupi, tunahamishia chini, unatoka hapa mpya kabisa! Ofa inaisha Ijumaa." Hajakuona hata mara moja, na tayari amekutafutia kasoro nyingine. Ile sauti ni ya Dada Nesi aliyenawa mikono.

Halafu nikasikia unamjibu. "Dada, sijauliza habari za chini. Nimeuliza mgongo wangu."

Niliingia chumbani nikakaa na ndoo yangu. Nilijiona mdogo sana. Ni kweli, mwanangu, hukuwahi kuuliza habari za chini. Mimi ndiye niliyeingiza uozo wangu kwenye mwili wako. Nimekushonea nguo tangu ukiwa mtoto, naijua mifereji ambayo mikanda ya sidiria imekuchimbia mabegani. Najua unavyopaka unga wa muhogo chini ya matiti mwezi wa kumi joto likizidi, kwa sababu ya vipele. Najua unalala umeegemea mito. Na kabla ya hapo, ulipokuwa na miaka kumi na miwili tu, ni mimi niliyechana khanga nikakufunga kifua usiku ili yasikue. Ulinambia hupumui, nikakaza. Ulipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu akakuamuru uvae sweta darasani ili wavulana wasome, mimi nilikwambia vaa. Joto lile la Mpanda! Nilipaswa kwenda shuleni nikamvalishe yeye hilo sweta. Badala yake nilikushonea magauni mapana kama mahema nikaita heshima. Hayo nayo ni makosa yangu, na sina wa kumsingizia.

Basi sisemi usifanye. Huenda shida yako inahitaji daktari kweli, kama jino bovu linavyohitaji. Ninachokuomba ni kwamba uende kwa akili ile unayopimia mashamba ya watu. Wewe huweki alama mpaka umehakikisha, ukirudia kipimo mara mbili. Huo mwili nao ni shamba lako.

Huyo wa kwenye simu achana naye. Daktari wa kweli hana haraka na Ijumaa yako. Nenda hospitali inayojulikana, mweleze daktari wa upasuaji habari za mgongo, umsikilize anaanzia wapi. Akianza na mgongo, kaa. Akianza kukutajia sehemu ambazo hukumuuliza, chukua mkoba wako uondoke, usione haya hata kama umeshavua blauzi. Jina lake liulizie kama lipo kwenye daftari la madaktari waliosajiliwa, na kama amesomea kazi hiyo hasa au anajifunzia kwako. Muulize nani atakayekulaza usingizi, maana huyo ndiye ameshika pumzi yako. Muulize baada ya kukatwa utalala wapi, na damu ikikataa kukoma nani yuko karibu. Mimi nilipozidiwa, aliyenichoma alikuwa mji mwingine anakula chipsi nyingine.

Na lile sikio lako. Ulipotobolewa kwa ajili ya hereni, kovu lilivimba likawa kama punje ya harage, na mpaka leo lipo. Mwonyeshe kabla hajashika kisu. Ngozi iliyofanya vile kwenye tundu la sindano itafanya nini kwenye mkato mrefu? Mwache yeye akujibu, na wewe umtazame usoni akijibu. Mwambie pia kila unachomeza, mpaka zile dawa za mizizi anazokutumia bibi yako. Mimi nilificha, unajua kilichotokea.

Kuna jingine ambalo msichana wa ofa hawezi kukwambia. Uliza habari za kunyonyesha. Nimesikia wako wanaonyonyesha baada ya upasuaji huo na wako wanaoshindwa, na kwamba ukizaa baadaye matiti hubadilika tena. Sijui utataka watoto au hutaki, siku hizi hatuwaulizi. Lakini uamuzi huo ufanye wewe ukiwa umeujua, usije ukaugundua ukiwa na kichanga kifuani. Hata kungoja ni uamuzi. Uliza mazoezi ya mgongo na sidiria ya kipimo chako sawasawa vinaweza kukufikisha wapi kwanza.

Wakikuonyesha picha, wewe unajua wa kwenye picha anaweza kuwa nani. Omba za baada ya mwaka. Omba kuongea na mwanamke aliyefanyiwa, umuulize bila daktari kuwepo: inauma? Na umwombe asikudanganye kwa kuona haya. Karatasi ya kusaini usiisaini siku hiyo hiyo, rudi nayo nyumbani, ilale mezani kwako wiki nzima.

Halafu lile swali la baba yako nakuachia wewe. Siku ukiwa porini na mtambo wako, wenzako wako mbali, hakuna anayekutazama, je, bado yanakusumbua? Kama jibu ni ndiyo, yanakuvuta mabega hata palipo na miti tu, basi wewe si mimi, na usiruhusu kichefuchefu changu kikuamulie. Kama yanakusumbua watu wakiwepo tu, ngoja kidogo. Labda wanaopaswa kukatwa ni hao watu.

Nasikia baiskeli ya baba yako. Hajui kama ninaandika, ila nikimwambia ataelewa. Gauni la kijani nimelimaliza, liko juu ya sanduku lako. Nimelishona kwa kipimo chako halisi, si hema.

Ukiamua, nipigie kabla, si baada. Usinilinde, na usinionee haya. Sitakwambia nilikuonya. Nitapanda basi nije, nikae kwenye kiti pembeni ya kitanda chako, na bandeji zikifika siku ya kufunguliwa nitazifungua mimi. Jeraha nitaliosha kwa mikono yangu. Na liwe na harufu yoyote itakayokuwa, sitaziba pua.

Mimi mama yako,
Feliciana